Kliniki ya Wajawazito na Kifafa cha Kijeni kwa Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudiwa na wazazi, ndugu wa wagonjwa, wauguzi na wanafunzi wa afya kila inapotajwa kwamba kifafa cha mtoto huenda kimetokana na jeni, yaani kosa katika maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za mwili. Yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye yale yanayowapata wachache. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemfahamu mtoto, na hakuna dawa inayopaswa kuanzishwa, kubadilishwa au kuachwa kwa sababu ya kusoma ukurasa huu.

## Misingi

1. Kifafa ni nini, na kinatofautianaje na degedege?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apatwe na mishtuko inayojirudia bila kichocheo cha papo hapo kama vile homa, kushuka kwa sukari au pigo la kichwa. Kwa kawaida daktari huthibitisha kifafa baada ya mishtuko miwili ya namna hiyo iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, au baada ya mmoja tu iwapo kuna dalili za wazi kwamba mingine itafuata. Si kila mshtuko humwangusha mtoto: wapo wanaokodoa macho kwa sekunde chache, na wapo wachanga wanaoinama ghafla kama wanaosujudu, mara nyingi mfululizo, huku wazazi wakidhani ni msokoto wa tumbo.

Degedege, kwa matumizi ya kila siku, ni mtukutiko unaompata mtoto mdogo mwenye homa, hasa kati ya miezi 6 na miaka 5. Watoto wengi waliopata degedege hawapati kifafa baadaye. Imani iliyopo sehemu za pwani kwamba degedege huletwa na shetani mwenye umbo la ndege huwachelewesha baadhi ya wazazi kufika hospitali, na ucheleweshaji huo ni hatari, kwa sababu homa hiyohiyo inaweza kuwa ya malaria kali au ya uti wa mgongo. Huko Blantyre, Malawi, watafiti walifuatilia watoto 132 waliopona malaria ya ubongo na kukuta 12 kati yao wamepata kifafa, ilhali miongoni mwa watoto 264 wa kulinganishwa nao hapakuwa na hata mmoja.

2. Je, kifafa cha mimba ni aina ya kifafa hicho?

Hapana, na jina lenyewe limewapotosha wengi. Kifafa cha mimba ni mtukutiko unaompata mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, kutokana na maradhi ya ujauzito yanayopandisha shinikizo la damu, na chanzo chake kimo katika mimba na kondo la nyuma. Mama aliyepata hali hiyo hahesabiwi kuwa mgonjwa wa kifafa, wala hakumrithisha mtoto wake kifafa. Hata hivyo, hali hiyo inaweza kumdhuru mtoto kwa njia nyingine, kwa kumnyima hewa au kulazimisha azaliwe kabla ya wakati, na hiyo ni sababu mojawapo ya mama kupimwa presha na mkojo anapohudhuria kliniki. Mama ambaye tayari ana kifafa kisha akapata ujauzito ni suala jingine (tazama swali la 9).

3. Je, kifafa cha kijeni maana yake ni kifafa cha kurithi?

Si lazima, na kati ya maswali yote ya ukurasa huu, hili ndilo ambalo jibu lake likieleweka vibaya huvunja ndoa. Neno «kijeni» linaeleza mahali kosa lilipo, halielezi lilikotoka. Kosa linaweza kuwa jipya kabisa, likiwa limetokea katika yai la mama au mbegu ya baba, wakati wazazi wote wawili wana jeni iliyo sawa. Ndivyo ilivyo kwa takriban watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa wa Dravet, aina kali ya kifafa iliyoelezwa mwaka 1978 na daktari Charlotte Dravet wa Ufaransa, na ambayo mwaka 2001 ilihusishwa na jeni iitwayo SCN1A.

Kosa linaweza pia kutoka kwa mzazi mmoja, ambaye pengine naye alipata degedege utotoni na kusahau. Au linaweza kutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa mbebaji asiye na dalili yoyote. Katika hali hiyo uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4 kwa kila ujauzito, bila kujali waliotangulia walikuwaje. Mbali na hayo, zipo aina za kifafa zinazotokana na mchango mdogo mdogo wa jeni nyingi, na hizo hazina jeni moja ya kuelekezewa kidole.

4. Ni watoto wangapi wanaopata kifafa cha jeni moja?

Takwimu nzuri zaidi zinatoka mahali ambapo kila mtoto mwenye mishtuko anaweza kufikiwa na kupimwa. Huko Scotland, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima jeni 104 watoto 333 ambao mishtuko yao ilianza kabla ya kutimiza miaka mitatu, na chanzo cha kijeni kikapatikana kwa watoto 80, yaani robo hivi. Watafiti walikadiria kwamba mtoto 1 kati ya takriban 2,120 wanaozaliwa hai hupata kifafa cha jeni moja.

Idadi hiyo haiwezi kuhamishiwa Afrika Mashariki ilivyo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba makosa mapya ya jeni hutokea kwa uchache zaidi Kigoma kuliko Glasgow, lakini visababishi vingine vya kifafa ni vingi zaidi kwetu, na kwa hiyo fungu la kijeni hufunikwa na wingi huo.

## Kliniki ya wajawazito inahusikaje?

5. Je, kuhudhuria kliniki kunaweza kumkinga mtoto na kifafa?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, hasa kwa kile kifafa kinachotokana na ubongo kudhurika wakati wa ujauzito na kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba robo ya kifafa chote duniani kinaweza kuzuilika, na huduma bora wakati wa kujifungua ni miongoni mwa njia kuu za kukizuia.

Ushahidi wa karibu zaidi nasi ulichapishwa mwaka 2013, baada ya watafiti kuwasaili watu zaidi ya 586,000 katika maeneo matano: Ifakara nchini Tanzania, Kilifi nchini Kenya, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini. Kifafa cha mitukutiko kilikuwapo kwa takriban watu 15 katika kila 1,000 kule Ifakara na takriban 8 katika kila 1,000 kule Kilifi. Miongoni mwa watoto, waliopata shida ya kulia, kupumua au kunyonya mara baada ya kuzaliwa walikuwa na uwezekano wa kuwa na kifafa ulio mkubwa mara 10 hivi kuliko wenzao, na shida nyinginezo za ujauzito na uzazi ziliuongeza uwezekano huo mara mbili hivi.

Kinachookoa ubongo wa mtoto kwa hiyo si kadi ya kliniki yenyewe bali yale yanayofuata: presha iliyogunduliwa mapema, kaswende iliyotibiwa, malaria iliyokingwa, mtoto aliyekaa vibaya akajulikana kabla ya uchungu kuanza, na mkunga mwenye kifaa cha kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Katika hospitali 8 za Tanzania ambako wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013.

6. Je, utafiti huo unathibitisha kwamba uzazi mgumu ndio uliosababisha kifafa cha mtoto wangu?

Hauthibitishi, na hapa ndipo masomo mawili ya ukurasa huu yanapokutana. Kwanza, taarifa za kuzaliwa zilitokana na kumbukumbu za wazazi walioulizwa miaka mingi baadaye, na mzazi wa mtoto mgonjwa huikumbuka siku ile kwa makini kuliko mzazi ambaye mtoto wake hana tatizo. Pili, mtoto anayezaliwa akiwa mlegevu, asiyelia vizuri na asiyenyonya, huenda hakuumizwa na uzazi hata kidogo; huenda ubongo wake ulikuwa na hitilafu tangu tumboni, na udhaifu ule ukawa dalili yake ya kwanza. Kosa katika jeni ya KCNQ2, kwa mfano, huanza kuleta mishtuko katika siku za mwanzo za maisha, na mtoto wa namna hiyo huandikwa kwa urahisi kwamba «alichoka wakati wa kuzaliwa».

Makosa huenda pande zote mbili. Mtoto aliyekosa hewa kwa saa nyingi katika uchungu uliokwama anaweza kuhusishwa na «ugonjwa wa ukoo», ilhali mwenye jeni yenye kosa anahusishwa na mkunga. Kinachowatenganisha ni rekodi: uchungu ulianza saa ngapi, mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwaje, alipewa alama ngapi za hali yake (pumzi, mapigo ya moyo, rangi) dakika ya kwanza na ya tano, alilia lini, na mshtuko wa kwanza ulionekana siku gani. Ndiyo maana mwandishi wa majibu haya anaiona kadi ya kliniki na jalada la leba kuwa kipimo cha kwanza cha jeni, kinachotangulia maabara yoyote. Pasipo hizo, hata majibu ya maabara iliyo bora kabisa husomwa nusu gizani.

7. Je, kliniki inaweza kuzuia kifafa cha kijeni chenyewe?

Kwa sehemu kubwa haiwezi. Kosa jipya la jeni halizuiliwi na vidonge vya kuongeza damu, lishe, wala idadi ya mahudhurio, na mama aliyekosa kliniki hakulisababisha. Kinachowezekana ni kuligundua mapema katika hali chache (swali la 12), kumpeleka mama ajifungulie mahali penye huduma ya watoto wachanga, na kuhakikisha kwamba ubongo ambao tayari una hitilafu hauongezewi madhara ya kukosa hewa.

8. Mahudhurio mangapi yanatosha, na hali ikoje kwetu?

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama aonane na mtoa huduma mara nane, mara ya kwanza ikiwa kabla ya wiki ya 12 kumalizika. Mpango wa awali ulikuwa wa mara nne. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba nchini Tanzania asilimia 65 ya wajawazito walihudhuria mara nne au zaidi na asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, na nchini Kenya ni asilimia 66 na 88.

Kilicho muhimu zaidi kuliko hesabu hiyo ni wakati wa kuanza. Mirija ya neva ambayo huja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutunga, kabla mama wengi hawajajua kwamba wamepata ujauzito, na mama anayeanza kliniki mwezi wa tano anapokea asidi ya foliki, vitamini inayosaidia mirija hiyo kufunga, wakati kazi hiyo imekwisha. Wanaochelewa si wazembe: kuna nauli, foleni, hofu ya kutangaza mimba changa, na vituo vinavyomtaka mume afike ndipo mama aandikishwe.

9. Nina kifafa na nimepata ujauzito. Niache dawa?

Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu mshtuko mkubwa unaweza kumdhuru mama na mtoto pamoja. Nenda kwa daktari mapema, na ikiwezekana nenda kabla ya kupata mimba.

Dawa inayohitaji tahadhari ya pekee ni valproeti. Miongoni mwa watoto walioipata tumboni, takriban 10 katika kila 100 huzaliwa na kasoro za maumbile, na 30 hadi 40 katika kila 100 huwa na matatizo ya ukuaji wa akili na mwenendo. Kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Ulaya iliweka masharti makali mwaka 2018, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba wanawake na wasichana wanaoweza kuzaa wasipewe dawa hiyo. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zinazopendekezwa zaidi, ila upatikanaji wake katika zahanati zetu hauko sawa na ule wa fenobabitoni, na pengo hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo la huduma. Dozi huenda ikahitaji kuongezwa mimba inavyokua, kwani mwili wa mjamzito huiondoa dawa kwa kasi zaidi.

Jambo moja husahauliwa: madhara ya valproeti kwa mtoto si kifafa cha kurithi. Mtoto mwenye ulemavu uliotokana na dawa asihesabiwe kuwa ushahidi kwamba «kifafa cha mama kimempata».

## Kupima jeni

10. Ni wakati gani daktari anapaswa kushuku jeni?

Mishtuko inapoanza katika mwaka wa kwanza bila sababu inayoonekana. Inaporefuka au kuja upande mmoja wa mwili kila mtoto apatapo joto. Ukuaji unapodumaa au kurudi nyuma. Kunapokuwa na mabaka meupe ya ngozi. Au dawa mbili zilizotumika ipasavyo zinaposhindwa. Kuwapo kwa mgonjwa mwingine katika ukoo si sharti, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 3.

11. Kama jeni haibadilishiki, kupima kunasaidia nini?

Kunasaidia kuchagua dawa, na mara nyingine tofauti yake ni kubwa mno. Mtoto mwenye ugonjwa wa Dravet huzidiwa anapopewa kabamazepini, fenitoini au lamotrijini, ambazo ni dawa za kawaida kabisa za kifafa, kwa kuwa zinaziba njia zilezile za kupitishia sodiamu katika seli za neva ambazo kwake tayari zina upungufu. Mtoto ambaye ubongo wake haupitishiwi sukari ya kutosha, kwa sababu ya kosa katika jeni ya SLC2A1, hutibiwa kwa chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana.

Mfano unaogusa zaidi ni wa kifafa kinachotii vitamini B6, ambacho kilijulikana tangu mwaka 1954 na jeni yake, ALDH7A1, ikabainishwa mwaka 2006. Mtoto huyu hutukutika tangu siku za mwanzo na dawa za kifafa hazimtulizi, lakini piridoksini, yaani vitamini B6 yenyewe, humtuliza. Vidonge vyake ndivyo wanavyopewa watu wanaotumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu. Ni nadra vikosekane, na bei yake ni ndogo. Kwa hiyo daktari makini hujaribu piridoksini kwa mtoto mchanga mwenye mishtuko isiyotulia hata pale ambapo kipimo cha jeni hakipo, naye hufanya hivyo penye uangalizi, kwa kuwa dozi ya kwanza inaweza kumpunguzia mtoto pumzi.

Kasi ya majibu nayo imebadilika. Utafiti uliofanywa Boston, London, Melbourne na Toronto na kuchapishwa mwaka 2023 ulisoma vinasaba vyote (maelekezo yote ya urithi, jeni zikiwemo) vya watoto wachanga 100 wenye kifafa kipya, ukapata chanzo kwa 43 kati yao, na nusu ya majibu yalirudi ndani ya siku 37.

12. Je, ultrasaundi ya ujauzito inaweza kuonyesha kwamba mtoto atakuwa na kifafa?

Kwa kawaida haionyeshi, isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikistahili kujulikana na kila mtaalamu wa picha. Ugonjwa uitwao tuberasi sklerosisi, unaotokana na jeni za TSC1 au TSC2, huotesha vivimbe visivyo vya saratani katika moyo wa mtoto aliye tumboni, na vivimbe hivyo huonekana kwenye ultrasaundi, mara nyingi baada ya wiki ya 20. Vikiwa zaidi ya kimoja, ugonjwa huu ndio wa kwanza kufikiriwa. Wengi wa watoto hawa hupata kifafa, mara nyingi katika mwaka wa kwanza, na kwa hiyo picha ya moyo hutangulia mshtuko wa kwanza kwa miezi kadhaa.

Je, miezi hiyo inafaa kwa lolote? Utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2021, uliwapima watoto wa namna hii umeme wa ubongo mara kwa mara na kuwaanzishia dawa ya kifafa iitwayo vigabatrini mara mawimbi yalipoharibika, kabla ya mshtuko wowote. Waliotibiwa hivyo walikaa muda mrefu zaidi bila mishtuko. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2023, uliotumia dawa hiyohiyo mapema, ulipunguza mishtuko ya kuinama ya watoto wachanga, lakini haukukuta akili za watoto zikiwa bora walipofika miaka miwili. Kwa hiyo kinga ya dawa bado ina mjadala. Kisicho na mjadala ni faida ya wazazi kujua dalili gani wazitazamie na wakimbilie wapi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, hasa kwa ajili ya umri wa mimba na idadi ya watoto. Picha iliyopigwa wiki ya 14 ili kujua tarehe haiwezi kuhesabiwa kuwa imeukagua moyo.

13. Kipimo cha damu ya mama kinachotangazwa mijini kinaona kifafa?

Hapana. Kipimo hicho husoma vipande vya vinasaba vya kondo la nyuma vinavyoelea katika damu ya mama, na kazi yake kuu ni kutafuta kromosomu (mafungu makubwa ya vinasaba) zilizozidi, kama ile ya ugonjwa wa Down. Jibu lake zuri haliondoi uwezekano wa kosa dogo ndani ya jeni moja. Pale ambapo kosa la familia linajulikana tayari, sampuli ya kondo huweza kuchukuliwa kuanzia wiki ya 10 au 11, au maji ya uzazi baada ya wiki ya 15.

14. Tumepima, tukajibiwa kwamba kuna badiliko «lisilojulikana maana yake». Tufanye nini?

Jibu la namna hiyo halithibitishi ugonjwa, na matibabu hayapaswi kubadilishwa kwa ajili yake pekee. Hutokea zaidi kwa Waafrika, na sababu yake iko kwenye hifadhi za kumbukumbu wala haiko kwenye damu yetu: badiliko hufahamika kuwa la kawaida pale tu linapokuwa limeonekana kwa watu wengi wazima wenye afya, na wengi wa waliosomwa vinasaba hadi sasa wana asili ya Ulaya. Mwaka 2020 watafiti waliosoma vinasaba vya watu 426 kutoka jamii 50 za Afrika walikuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Hatua ya maana ni kupima wazazi wote wawili, ikiwezekana. Badiliko lililopo pia kwa baba mwenye afya njema huwa na uzito mdogo; lisilopo kwa mzazi yeyote huwa na uzito mkubwa. Omba pia jibu lisomwe upya baada ya mwaka mmoja au miwili.

15. Kipimo hakipatikani tulipo, au gharama imetushinda. Kuna la kufanya?

Lipo. Rekodi mishtuko kwa simu, mwili mzima ukionekana, kwa kuwa dakika moja ya video humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Andika umri wa mshtuko wa kwanza, joto la mwili siku ile, muda uliochukua, na kila dawa iliyojaribiwa pamoja na matokeo yake. Hifadhi kadi ya ujauzito pamoja na kadi ya mtoto. Daktari bingwa anaweza kutambua ugonjwa wa Dravet au tuberasi sklerosisi kwa historia na uchunguzi wa mwili, na kumwepusha mtoto na dawa isiyomfaa bila kusubiri maabara.

## Ukoo, ndoa na lawama

16. Mama mkwe anasema kifafa kimetoka upande wangu. Je, ni kweli?

Bila kipimo hakuna awezaye kusema, na kipimo kikifanyika jibu huwa mara nyingi «hakikutoka upande wowote». Wanaopenda kuhesabu wangefaa kujua kwamba sehemu kubwa ya makosa mapya hutoka katika mbegu ya baba: utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba huongeza takriban makosa mapya mawili katika vinasaba vya mtoto. Mengi ya hayo hayana madhara yoyote, na hakuna mwanamume aliyeyachagua, kama ambavyo hakuna mwanamke aliyeyachagua.

Desturi ya kuchunguza ukoo kabla ya kupokea posa, kwa kuuliza kama kuna kifafa, inawafanya watu wafiche wagonjwa na haizuii makosa mapya, ambayo ukoo wowote unaweza kuyapata.

17. Nyumba moja ina watoto watatu wenye kifafa. Hiyo si lazima iwe jeni?

Si lazima, na Mahenge inatufundisha hivyo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu wagonjwa wengi wa kifafa katika milima hiyo ya wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, na akaona kwamba ugonjwa ulijazana katika familia fulani fulani. Urithi ulifikiriwa kwa muda mrefu, na uchunguzi wa koo ukafanywa. Utafiti wa miaka ya karibuni umeelekea kwingine: usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, unahusishwa sana na kifafa hicho, pamoja na ile hali ya watoto kutikisa vichwa.

Familia haishirikiani jeni tu. Hushirikiana mto, shamba, chakula, na hata zahanati ambayo haina mkunga usiku. Ndugu watatu waliozaliwa katika kituo kilekile kisicho na kifaa cha kupulizia hewa wanaweza kuonekana kama ukoo wenye laana.

18. Mtoto wa kwanza ana kosa jipya la jeni. Wa pili atakuwa salama?

Uwezekano wa kurudia ni mdogo, lakini haufikii sifuri. Wakati mwingine mzazi hubeba kosa katika baadhi ya seli zake tu, ikiwemo mbegu au mayai, bila kuonekana katika kipimo cha kawaida cha damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipochunguza kwa undani familia 120 zilizoambiwa kwamba kosa la mtoto ni jipya, ulikuta hali hiyo kwa mzazi mmoja katika familia 10 kati ya hizo 120. Mama apange kliniki mapema na aeleze historia hiyo siku ya kwanza, bila kusubiri aulizwe.

19. Sisi ni watoto wa ndugu wawili. Ndoa yetu imesababisha?

Ndoa ya binamu huongeza uwezekano wa magonjwa yanayohitaji kosa kutoka kwa wazazi wote wawili, kama kile kifafa cha vitamini B6, kwa kuwa wawili hao wanaweza kuwa wamerithi kosa moja kutoka kwa babu au bibi mmoja. Haiongezi makosa mapya, kwa hiyo haina uhusiano na wagonjwa wengi wa Dravet. Kwa familia za Zanzibar, Oman na kwingineko ambako ndoa hizi ni za kawaida, la busara ni kueleza undugu huo waziwazi kwa daktari.

20. Mshtuko wa kwanza ulitokea siku ya chanjo. Tuache chanjo?

Hapana. Chanjo inaweza kuleta homa, na homa humfichua mtoto ambaye tayari ana ugonjwa. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2006 kwamba miongoni mwa wagonjwa 14 waliodhaniwa kuharibiwa ubongo na chanjo, 11 walikuwa na kosa katika jeni ya SCN1A. Surua au kifaduro vingewaletea homa kali zaidi. Zungumza na muuguzi kuhusu kushusha joto siku ya chanjo na dawa ya dharura ya kuweka nyumbani.

## Kushiriki katika utafiti

21. Damu ya mwanangu ikichukuliwa kwa utafiti, inaweza kupelekwa nje ya nchi?

Inaweza, kwa kibali. Nchini Tanzania kibali cha maadili cha kitaifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na usafirishaji wa sampuli huhitaji mkataba wake wa pekee. Kenya na Uganda nazo zina taratibu zao. Mzazi ana haki ya kusomewa fomu kwa lugha anayoielewa, kujua sampuli itakaa wapi na kwa muda gani, kukataa sampuli isitumike kwa utafiti mwingine, na kujitoa bila mtoto kunyimwa matibabu.

22. Nitapewa majibu?

Uliza kabla ya kutia sahihi. Baadhi ya tafiti hulinganisha makundi makubwa na hazitoi majibu kwa mtu mmoja mmoja: ule wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024, uliosoma vinasaba vya wagonjwa 20,979, ulilenga kujua ni jeni zipi zinahusika na kifafa. Nyingine hutoa majibu baada ya kuthibitishwa katika maabara ya hospitali. Zote mbili ni halali. Kisichofaa ni mzazi kungoja simu ambayo haikukusudiwa kupigwa.

23. Mtoto wetu alifariki kabla ya kupimwa. Bado kuna la kujua?

Mara nyingine lipo. Ikiwa damu yake imehifadhiwa maabara, hata tone lililokauka kwenye karatasi, vinasaba vinaweza kupatikana humo. Ikiwa haipo, wazazi wanaweza kupimwa ubebaji wa magonjwa yanayotoka pande zote mbili, ingawa kipimo hicho hakitaonyesha kosa lililokuwa jipya. Kadi zake, video na karatasi za hospitali zisitupwe, kwa kuwa daktari wa ujauzito unaofuata atazihitaji, hasa ikiwa mtoto atahitaji piridoksini siku ileile atakayozaliwa.